Filimbi Yangu ya Malaba

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kuanzia leo hakuna mtoto ataibiwa hapa mpakani Malaba. Mimi Okedi nimesema! Mama wa uongo akitoka Tororo, ng'ambo Uganda, asubuhi, mimi huku nimeshamnusa kabla hajafunga kiatu. Trela zikiniona zinapanga foleni zenyewe. Wizi wa watoto umekwisha, wafunge tu hiyo idara ya watoto waniachie funguo.

Madam Brendah wa ofisi ya watoto amechagua vijana wa boda wenye akili. Mathews amechaguliwa pia, kwa hivyo akili si lazima. Tumepewa jaketi zinazowaka na filimbi. Kazi yetu ni njia za panya, kule nyuma ya malojing'i ya kulala madereva, watu wanavuka kijito bila kupita geti. Ukiona mtu mzima na mtoto, unauliza kwa upole, huyu ni nani wako. Mtoto kando, mkubwa kando. Nani anapika kwenu? Unalala na nani? Mbwa wenu ni wa rangi gani? Majibu yakikataana, unampigia Madam simu na unangoja. Hiyo kungoja ameirudia mpaka masikio yakawasha. Msiguse mtu. Msiite umati. Filimbi ni ya kuita polisi, si ya kuita kijiji.

Mathews akauliza, na mtu akitupiga? Madam akasema ukimbie. Kicheko!

Mimi nina dawa yangu fupi. Jina tu. Mzazi gani hajui jina la mtoto wake? Mambo ya mbwa ni ya watu wenye muda.

Nimevaa jaketi mpaka nyumbani. Mama akatoka jikoni akanitazama juu mpaka chini. "Papa, umekuwa askari wa barabara?" Ndivyo ananiita, Papa, kwa Kiteso ni baba. Mtu anayeitwa baba na mama yake mzazi, huyo si mkubwa? Mathews alisikia siku moja, tangu hiyo ananiita mtoto wa titi. Wivu.

Naandika kwa daftari la jiografia la fomu two. Kurasa zimebaki nyingi, mimi na mwalimu wa jiografia tuliachana mapema. Dunia nzima inapita Malaba hata hivyo, ya nini kuisoma.


Jumatano, 5 Machi

Nimeshika wa kwanza!

Mwanaume, tumbo mbele, na wasichana wawili wenye nguo mpya za kufanana. Akasema ni binti zake, wanaenda matanga Nambale. Nikamuuliza majina. La kwanza akalitoa. La pili akaangalia juu kama limeandikwa kwa mawingu. Nikawavuta wasichana kando, mkubwa akaninong'oneza kwamba wameahidiwa kazi ya nyumba Nairobi na huyo mtu wamemjua tangu jana.

Jamaa akakimbia. Wapi! Kwa mahindi ya watu, kwa matope, akateleza kijitoni. Steji yetu yote ya boda ikashuka. Mathews na mti wa mkokoteni. Mzee Oundo, chairman wetu, na mshipi wake wa kanisani. Mimi na helmeti. Helmeti ikiingia kwa meno inalia kama mtu anatafuna njugu za kukaanga. Alisema jamani mara mbili, mara ya tatu hakukuwa na mdomo wa kusemea. Jino moja lilibaki ndani ya helmeti. Nimeliweka kwa mfuko wa jaketi, karibu na filimbi.

Madam Brendah alikuja na polisi. Nilidhani atanipa mkono. Hakunipa. Alichuchumaa akamwangalia yule mtu, akasimama, akaongea polepole. Huyu ametumwa tu, alisema. Aliyemtuma ndiye nilikuwa namtaka, na sasa taya imevunjika, ataniambia nini? Akasema mtu mwingine akiguswa anarudisha jaketi zote.

Lakini wasichana wamerudi kwao Uganda usiku huu. Kwa nani? Kwa sababu ya nani? Mama wa parachichi amenipa mbili bure. Nimekula moja mbele ya Mathews, polepole.


Ijumaa, 7 Machi

Turnboy, yaani utingo, wa trela ya chumvi amepiga picha na mimi. Amesema stori imefika mpaka Busia — kuna kijana wa Malaba anauliza jina tu na mwizi anajinyea. Nikamwambia ni kweli, lakini aongeze kwamba nina sura nzuri.

Mathews anasema ilikuwa bahati. Anasema shika wa pili kwanza ndiyo uongee. Steji yote ikacheka. Wa pili atakuja tu. Kijito hakina mlango.


Jumamosi, 8 Machi

Wa pili amekuja. Mkono wangu umefura lakini wacha niandike.

Saa sita hivi, soko la kando ya kijito limejaa. Mwanamke mwembamba, kitenge cha kijani, anavuka kijito na mtoto wa kiume. Miaka mitano, sita. Mtoto anachechemea, mguu umefungwa na kitambaa. Mimi na Mathews tuko juu ya pikipiki. Mathews anacheka upuuzi wake. Nikashuka.

Nikamuuliza kwa Kiteso, huyu ni nani wako. Mwanangu. Mnaenda wapi? Hospitali, aliingia mwiba, umeoza. Sawa. Anaitwa nani?

Kimya.

Nikamuuliza tena. Akaangalia chini. Akamvuta mtoto karibu. Watu wakaanza kusimama, maana jaketi inawaka na watu wanajua sasa. Mama, jina la mtoto wako ni nani? Akasema, kwa sauti ya chini, "Mtoto ana wenyewe. Uliza wenyewe."

Ana wenyewe! Amesema na mdomo wake! Mtoto ana wenyewe na yeye si mmoja wao!

Nikapiga filimbi.

Sikujua filimbi moja inaweza kuita watu wengi hivyo. Boda, mahamali, turnboy, wamama na visu vya kukatia miwa. Mathews akashika mtoto, mwanamke akamshika mtoto upande ule mwingine, na mtoto analia katikati kama mbuzi. Mwanamke akamuuma Mathews mkononi, akang'ata mpaka mfupa. Hapo ndipo watu walisema ni mwizi kabisa. Mtu akampiga na tofali mgongoni. Akaachilia mkono mmoja. Akapigwa na ubao, akaachilia wa pili. Mimi nilimpiga mara... nilimpiga. Na helmeti. Usoni. Alikuwa anafunika kichwa halafu anafunua kutafuta mtoto yuko wapi, kila akifunua anapata moja. Kitenge kiliisha. Mama mmoja alimmwagia uji wa moto akasema watoto wetu si kuku.

Mtu akasema leteni petroli. Wote wakaangalia tangi langu. Nikasema imeisha. Haikuwa imeisha. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Bei ya mafuta, labda.

Polisi walipiga risasi juu, watu wakatawanyika. Wakamtupa nyuma ya pickup kama gunia. Mguu mmoja ulikuwa unaangalia upande wake.

Na mtoto? Hapo ndipo akili yangu. Kuna mwanaume wa makamo hivi, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, alikuwa amechuchumaa na mtoto kando ya kibanda cha simu. Amempa peremende, anampangusa kamasi na hanchifu. Akasimama akanisalimia na mikono miwili. Akaniita boss. Akasema ni ndugu ya baba ya mtoto, kwao ni upande wa Busia, wametafuta huyu mtoto wiki nzima mpaka mama yake amelazwa. Machozi yalimtoka kabisa.

Mimi si mjinga. Nikamuuliza jina! Akajibu papo hapo, "Okiria." Nikamuuliza mtoto. Okiria. Imelingana! Mzee Oundo akapiga makofi.

Nikawabeba mwenyewe mpaka Busia, mtoto katikati yetu. Njiani alikuwa anaita toto, toto, yaani mama. Yule mtu akasema anamtaka mama yake aliyelazwa, masikini. Nikawashusha pale trela zinapoegeshwa. Akataka kunilipa nikakataa. Shujaa halipwi.

Madam sikumpigia. Angeharibu sherehe.


Jumapili, 9 Machi

Padre amesema kuna vijana wa Malaba wanalinda wadogo. Hakutaja jina lakini shingo zote ziligeuka kwangu. Nilikaa wima kama mshumaa wa Pasaka.

Mchana mama anafua jaketi. Maji ya kwanza mekundu, ya pili mekundu, ya tatu ndiyo yakaanza kuwa maji. Akauliza ni damu ya kuku? Nikamsimulia yote. Nilisimama, nikaonyesha na mwiko jinsi helmeti ilivyoshuka. Nilifanya sauti ya mwanamke, nikafanya sauti yangu. Hakucheka. Akaacha kufua.

Akauliza, huyo mama aliulizwa nini ndiyo akanyamaza? Nikasema jina la mtoto. Na mtoto anaitwa nani? Okiria.

"Hilo ni jina la mzee. Mtoto amerithi babu."

Nikasema labda.

Akaiweka jaketi kwa beseni. Mikono bado iko kwa povu. Akasema, mimi nikishikwa na polisi leo, waniulize mwanangu anaitwa nani, nitasema nini? Nikacheka, nikamwambia sema Okedi. Akaangalia mlango haraka kama mtu amevunja kitu.

Okedi alikuwa baba ya mzee wangu. Mkwe wake. Tangu aolewe, hajawahi kumtaja, na hata alipokufa hajamtaja, na mimi nilipopewa hilo jina, nikalambishwa pombe kwa kidole mbele ya ukoo, yeye hakuweza kuniita. Ndiyo maana ni Papa. Akasema mwanamke aliyeolewa vizuri hawezi kutaja jina la mkwe mbele ya umati wa wanaume sokoni, hata akiwekewa kisu. Mtoto ni wa ukoo. Atasema uliza wenyewe.

"Yeye alimwita mtoto nani, Papa?"

Nikasema sikusikia. Kulikuwa na kelele.

Akarudi kufua. Nikamwambia mambo ya zamani hayo, watu wa siku hizi wanataja tu. Akamwaga maji, akachota mengine.


Jumatatu, 10 Machi

Yule mwanamke anaitwa Alupo. Mtoto ni wake. Amemzaa yeye.

Madam Brendah alikuwa Busia kwa mkutano hiyo Jumamosi. Amepiga simu mpaka kwa mzee wa kijiji chao, ng'ambo, mtu akaenda na boda mpaka kwa mume. Yote ni kweli. Mwiba ni kweli. Hospitali ni kweli. Baba ya mtoto hana ndugu Busia, hana ndugu mwanaume kabisa.

Alituita ofisini. Mzee Oundo alianza hotuba kuhusu vijana na hasira, Madam akainua mkono tu. Akauliza nani alipiga filimbi. Mathews, na mkono wake wa bendeji, aliangalia kiatu. Wote wakaangalia kiatu. Nikasema mimi. Akauliza huyo mwanaume alijuaje jina. Nikasema alilijua tu, alijibu papo hapo. Madam akaniuliza kama alikuwa amekaa na mtoto kabla sijamuuliza.

Alikuwa amechuchumaa. Na peremende.

Mtoto wa miaka mitano anaweza kukuambia jina lake, Madam alisema. Unamuuliza tu. Ndiyo maana niliwafundisha mbwa, na mahali pa kulala, na nani anapika. Sauti yake haikupanda. Ningependa angenipiga.

Jaketi zote zimerudi. Filimbi yangu sijarudisha. Nilisema imepotea.


Jumanne, 11 Machi

Ukoo wa mtoto umekuja.

Saa nne asubuhi, wakavuka kijito na rungu na panga. Mbele mzee mwenye mvi na koti la suti, anatembea kama mtu anaenda kanisani. Babu yake. Okiria mwenyewe. Hakuwa na silaha. Aliuliza tu kwa Kiswahili cha Uganda, nyinyi ndiyo boda wa mtoto wangu?

Vijana waliomfuata wakaanza. Mathews alipata panga begani, nikaona nyama nyeupe kabla damu ijue njia. Mzee Oundo walimkanyaga mpaka akatapika. Kibanda cha steji waliking'oa. Mimi walinivuta kutoka chini ya trela na miguu, nikapigwa rungu mgongoni, gotini, kichwani. Nilijifunika kichwa. Nikafunua nione wanatoka wapi. Nikapata moja. Nikajua hiyo kufunika na kufunua nimeiona wapi.

Pikipiki yangu waliichoma. Petroli ilikuwepo, tangi karibu lijae.

Turnboy aliyepiga picha na mimi alikuwa anapiga video.


Jumatano, 12 Machi

Busia. Nilienda kwa mguu, nikapewa lifti na lori la mkaa. Goti haliji sawa.

Nimeuliza kila mtu pale trela zinapoegeshwa. Wabadilisha pesa, mama wa chapati, walinzi. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, mtoto anachechemea. Mlinzi mmoja aliniuliza, wewe ni nani wa huyo mtoto?  Nikasema nilimbeba. Akanizaba kofi la nyuma ya mkono, akaita wenzake, wakanisukuma kwa mitaro, mmoja akanikanyaga vidole. Wanasema siku hizi wezi wa watoto wanajifanya wanatafuta.

Mama wa chapati alikuja baadaye akanisaidia kuinuka. Aliwaona Jumamosi. Mtoto alikuwa anakataa kupanda lori, yule mtu akamzaba moja tu, akanyamaza, akapandishwa. Lori la turubai la bluu. Likaelekea upande wa Nambale. Huko mbele ni Kenya yote.

Nimempigia Madam. Ameandika. Akasema kesho nije hospitali. Alupo hajui Kiswahili na nesi wao wa Kiteso ameenda likizo. Atataka mtu wa kutafsiri. Nikasema tafuta mwingine. Akasema mwingine yuko wapi, steji yote iko wodini.


Alhamisi, 13 Machi

Niko kwa benchi nje ya wodi ya wamama. Penseli ni ya mtoto wa mtu.

Macho ya Alupo yamefura yakafunga yote mawili. Midomo kama ya mtu mwingine. Mguu umening'inizwa. Nilisimama mbali, kando ya dirisha, sikuongea. Madam akaniambia nimuulize huyo mwanaume alikuwa anafanana vipi. Nikauliza kwa sauti nyembamba, si yangu. Akajibu maneno machache. Aliwafuata tangu kwa kijito, upande wa Uganda. Alikuwa na harufu ya sabuni.

Madam akasema, kwa ripoti, muulize jina la mtoto. Tunalijua, akasema, lakini lazima liandikwe kama lilivyosemwa na mama.

Nikasahau sauti nyembamba. Nikauliza kama nilivyouliza sokoni. Maneno yale yale.

Akageuza uso kwangu. Macho hayaoni lakini masikio hayakupigwa. Mkono wake ukaanza kutafuta kwa shuka, kushoto, kulia, kama anataka kushika mtoto kabla sijamchukua tena. Akasema papa, papa, papa. Mashine ikaanza kulia. Nesi akanitoa na kiwiko.

Nimejitoa filimbi shingoni. Iko hapa kwa benchi.

Madam anatoka mlangoni anaita. Okedi. Okedi. Sijainuka. Wacha nimalize hii kwanza, maana nikiingia sitaiandika.

Mama aliniuliza kama nilisikia. Nilisikia. Hakukuwa na kelele yoyote. Jumamosi, kabla sijashuka kwa pikipiki, huyo mama alikuwa anavuka kijito, mtoto akateleza, akamwambia, Papa, shika mkono. Na mimi niligeuka. Mimi! Nilidhani naitwa. Mathews akacheka, akasema mtoto wa titi, mamako amekuja. Nilijua kwa nini mwanamke anamwita mtoto hivyo. Nilijua kabla sijamuuliza jina. Nikamuuliza.